Shahidi wa Ndege

Kabla sijafika kwa Bibi nilikuwa nimekaa Dubai miaka sita, nimepitia nyumba tatu, na sikuwahi kumtazama ndege hata mmoja. Kwetu Mombasa ndege niliowajua walikuwa wawili: kuku, na kunguru anayekunyang'anya mkate wako mchana kweupe huku akikukodolea macho. Waliobaki wote kwangu walikuwa videge tu. Nasema haya mapema ili nisidhaniwe mtu wa kuamka alfajiri kwenda kustaajabia maumbile. Mimi huamka alfajiri kwa sababu nimeajiriwa.

Nyumba ilikuwa Al Baraha, katika jengo la zamani ambalo mlango wa lifti yake lazima uusukume kwa bega. Madam, binti yake Bibi, ndiye aliyenifanyia mahojiano. Alinieleza kazi: kumwogesha mama yake, kumpikia, kumtia matone ya macho mara tatu kwa siku, na kumsindikiza popote atakapo kwenda. Macho ya Bibi yalikuwa na presha na yalikuwa yakififia mwaka hata mwaka. Alipomaliza, Bibi mwenyewe aliniita kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanyoosha kidole barabarani.

"Ile gari nyeupe pale, mbele ya duka la mashuka. Nisomee namba yake."

Nikaisoma.

"Na ya nyuma yake?"

Nikaisoma nayo.

"Huyu anatosha," akamwambia binti yake, na mahojiano yakaishia hapo. Nilirudi jikoni nikijiuliza kama nimeajiriwa uaskari wa trafiki.

Bibi alizaliwa Unguja. Familia yao ilihama angali msichana, ikafikia Dubai wakati ambapo Deira, kwa maneno yake, ilikuwa mchanga na mbu. Alikuwa ameishi hapa zaidi ya nusu karne, amezaa hapa na amezika hapa, lakini Kiswahili chake kilibaki kile kile cha Mji Mkongwe. Mimi alikuwa akinitania kwamba ninaongea kama mtu anayegombana sokoni. Nilimjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyoamkiana.

Mumewe alikuwa karani wa bandarini, na ndiye aliyemwambukiza maradhi ya ndege. Kila kipupwe, kuanzia Novemba, ndege wa nchi za kaskazini hukimbia barafu wakaja kujaa kwenye maji na bustani za Dubai. Kila mwisho wa juma mume na mke walikwenda kuwatazama, na waliowaona wakawaandika katika daftari. Yalikuwa madaftari mengi, yenye jalada gumu la buluu, yamepangwa kabatini chini ya misahafu.

Sasa, huyu mume alikuwa mtoto wa kadhi. Alikulia katika nyumba ambayo watu waliingia asubuhi hadi jioni kutoa ushahidi wa ndoa, talaka na mipaka ya mashamba. Akaleta sheria ya baba yake kwenye ndege: haandikwi ndege asiyeonwa na watu wawili. Mmoja hatoshi hata awe na macho ya mwewe. Kila mstari wa daftari ulikuwa na siku, mahali, jina la ndege, na mwishoni alama mbili za wino, moja ya huyu na moja ya yule.

Bibi alinieleza haya siku ya kwanza tuliyotoka. Nikamwuliza, kwa mzaha, kama wanawake wawili tunatosha, maana nijuavyo mimi makadhi huwa na hesabu yao, wanawake wawili kwa mwanamume mmoja. Alicheka mpaka akajipangusa macho.

"Kwa ndege tunatosha," akasema.

Baadaye, nikipangusa vumbi kabatini, niligundua kwamba baada ya mumewe kufariki kulikuwa na vipupwe vinne ambavyo kurasa zake zilikuwa tupu. Nikadhani miaka hiyo alikaa ndani kwa huzuni. Kumbe alikuwa akitoka, tena kila wiki. Aliwaona ndege kwa macho yake, wakati huo yakiwa bado mazuri, akarudi nyumbani asiandike kitu kwa sababu alikwenda peke yake. Madam alikuwa na kazi zake, na isitoshe akikaa karibu na majani anapiga chafya. Ndugu na mashoga wengine walikuwa wamekufa. Ndiyo maana akataka mtu anayeweza kusoma namba ya gari kutoka ghorofa ya tatu.

Aliponieleza nilisema ndiyo, Bibi, nimeelewa. Nilisema ndiyo kama nilivyosema kwa kila kitu.

Hii "ndiyo" yangu lazima niieleze. Kabla ya kusafiri, wakala alituweka darasani Nairobi wiki mbili. Tulifundishwa kutandika kitanda, kutumia mashine ya vyombo, na kusema "yes, madam." Mwalimu alitusimamisha mstari mmoja tukaisema pamoja, tena na tena, na anayesema bila kutabasamu alirudia peke yake mbele ya wenzake. Nilicheka kimoyomoyo. Kisha nikafika Dubai, na katika nyumba ya pili gauni likaungua kwa pasi, nami sikuwa nimeligusa. Nikasema, "No, madam, si mimi." Siku ya tatu nikarudishwa kwa wakala na begi langu. Kwa kusema hapana nilimwaga unga. Tangu hapo neno hilo nililizika. Mtu akiniuliza kitu, ndiyo ilikuwa imeshatoka kabla swali halijaisha. Haikuwa jibu. Ilikuwa namna ya kumfanya mwenye nyumba aondoke aniache salama.

Kipupwe cha kwanza hakikuwa na neno. Bibi alikuwa bado anaona rangi na maumbo, na mimi kila kitu kilikuwa kigeni, basi nikatazama kwelikweli. Tulikwenda sana Ras Al Khor, pale mwisho wa hori, mkono wa bahari unaoingia mjini, ambapo kuna vibanda vya mbao vya kutazamia na askari wa mlangoni anayekuandikisha. Niliwaona heroe mara ya kwanza, mamia yao wamesimama majini, wekundu wa kufifia, na nyuma yao maghorofa marefu ya mji. Nikaamini kabisa ni wa plastiki. Dubai huweka chochote popote, kwa nini isiweke ndege? Mmoja akainua mguu akajikuna shingo. Nikapiga yowe, na Bibi akalitaja yowe lile kwa kila mgeni aliyefika nyumbani mwezi mzima.

Alinifundisha. Yangeyange mweupe na kulastara wa kijivu nisiwachanganye. Mnandi ni yule mweusi anayekausha mabawa. Kitwitwi ndio wale wadogo wanaokimbizana na maji kwenye mchanga wa Al Mamzar, na shakwe ndio wale wanaokuibia chipsi. Sululu alimjua kwa sauti kabla mimi sijamwona, akaniambia atakuwa upande wa kushoto, kwenye matope, ana mdomo uliopinda. Nikaelekeza darubini na kweli alikuwa hapo. Nilishangaa jinsi nilivyofurahi. Nikawa natia alama yangu ya wino kwa maringo, chini yake yeye anatia yake.

Nilimpenda Bibi. Sisemi hivyo kwa adabu ya marehemu. Nilimpenda kuliko nilivyotaka kumpenda mtu ambaye mshahara wangu unatoka nyumbani kwake, na ninapokumbuka niliyomfanyia naona heri ningekuwa simpendi, pengine ningetazama vizuri zaidi.

Kipupwe cha pili macho yake yalikuwa yameshuka. Alisema anaona kama mtu aliyejifunika shuka jeupe jembamba. Kitu kikubwa kikisogea alikiona, basi. Sasa akawa anauliza zaidi. Umeona nini? Yule ni nani? Pale pana kitu, si pana kitu?

Mwanzoni nilitazama. Lakini asubuhi za Januari pale hori ni baridi kuliko watu wa kwetu wanavyoamini, upepo unapenya shela, magoti yangu yalikuwa yameanza visa vyake, na darubini ikikaa sana machoni kichwa kinauma. Na zaidi ya hayo, uso wake. Nikisema "hakuna, Bibi, ni nguzo," uso ulimwanguka. Nikisema ndiyo, uliwaka. Siku moja akaniuliza kama yule pembeni si kulastara. Ilikuwa nguzo, nilijua ni nguzo, nikasema ndiyo. Akafurahi. Tukaandika, tukatia alama mbili. Nikajiambia, nani kaumia? Kulastara hatakwenda mahakamani.

Kuanzia hapo ikawa rahisi. Sikusema uongo kila mara. Mara nyingine nilitazama, mara nyingine nilitazama nusu, mara nyingine niliitikia huku nikimwaga chai kutoka kwenye chupa. Yeye hakuweza kujua tofauti. Mimi mwenyewe sikuwa naitilia maanani.

Asubuhi tuliyomwandika ndege aitwaye mwari nilikuwa na simu mkononi. Binti yangu alikuwa ameniandikia kutoka Mombasa kwamba posa imejibiwa, harusi itakuwa mwezi wa tatu, na akauliza, "Mama, utakuja?" Nilikuwa nimeshaomba ruhusa. Madam alijibu inshallah, na mimi inshallah ya madam naijua. Nikawa nimekaa kwenye benchi la kibanda, kidole juu ya kioo, sijui nimwandikie nini mtoto.

"Mwanangu," Bibi akasema, "yule mweupe mkubwa, upande wa mikoko. Si mwari yule?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hebu mtazame vyema."

Niliinua kichwa. Darubini sikuiinua. Kulikuwa na kitu cheupe kwenye mikoko.

"Ndiyo, Bibi."

"Ana mfuko chini ya mdomo?"

"Anao."

"Yu peke yake?"

"Peke yake."

Akanishika kiganja. Akaniambia mwari hakumwona Dubai ila mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, yeye na mumewe, mahali hapahapa kabla ya barabara kupita, na kwamba wamekuwa wakimtafuta tangu hapo. Alisema wamekuwa, kana kwamba mumewe yuko nje anaegesha gari. Hapo nikaweka simu chini nikaangalia kwa darubini. Yule mweupe alikuwa ameondoka.

Ningesema wakati ule. Ningesema, Bibi, sikumtazama vizuri. Maneno matatu, hayakuwa mazito. Badala yake nikafungua daftari nikaandika: mwari, mmoja, mikokoni. Nikatia alama yangu. Nikamwelekeza mkono, naye akatia yake.

Nyumbani akataka habari ipelekwe kwa wenzake. Kulikuwa na kikundi cha watu wa ndege kwenye simu, wageni wa kila taifa, walimu na wahandisi wastaafu, ambao walimwita Mama na kumheshimu mno. Madaftari yake yalikuwa ya zamani kuliko mengi ya maghorofa ya mji huu, na watu wale walikuwa wakija kuyaomba wakitaka kujua ndege fulani alianza lini kuja. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwapelekea neno likaonekana si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia na kumsomea. Nikaandika, nikatuma.

Kesho yake alitaka twende mapema. Kibanda kilikuwa kimejaa watu na darubini zao ndefu za miguu mitatu, wengine wametoka Abu Dhabi usiku. Walimpisha Bibi akae mbele. Alikuwa amevaa buibui lake jipya. Walikaa wakitazama mikoko mpaka jua likawa kali, na mwari hakutokea.

Mzee mmoja Mhindi, mhandisi mstaafu ambaye Bibi alimjua miaka mingi, aliniita kando kwa upole.

"Dada, wewe ulimwona?"

"Yes, sir."

"Mdomo wake ulikuwa rangi gani?"

"White, sir."

Kisha akatoa simu akanionyesha picha. Kulikuwa na mtu katika kibanda cha pili asubuhi ya jana yake, alipiga picha mikoko yote, na ndege mweupe aliyekuwepo alikuwa yangeyange, shingo nyembamba na mdomo wa manjano, yule niliyefundishwa siku ya kwanza nisimchanganye. Mzee hakunigombeza. Alisema hutokea, akaniomba nimweleze Mama kwa njia nzuri.

Sikumweleza. Jioni ujumbe ukaja kwenye kikundi, wa maneno mazuri: huenda alikuwa yangeyange, mwanga ulikuwa mbaya, mwari ataondolewa kwenye orodha ya mwaka, na Mama asijali, wote wanampenda. Bibi alisikia simu ikilia.

"Wanasemaje?"

"Wanasema ahsante, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake.

Wiki moja baadaye tulikuwa tena Ras Al Khor. Mama mmoja wa Kizungu alipiga goti mbele ya kiti cha Bibi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi, asihuzunike kuhusu yule mwari, kwa umri wake ni jambo kubwa kwamba bado anakuja. Bibi alikijua Kiingereza vizuri kuliko mimi. Alimshukuru. Alikaa wima mpaka yule mama akaenda zake, kisha akaniambia anataka kurudi nyumbani.

Ndani ya gari alimsubiri dereva aingie barabara kuu.

"Wamemtoa lini?"

"Juma lililopita, Bibi."

"Na wewe ulinisomea nini?"

Nilitazama dirishani. Nilikuwa najua nitafukuzwa, na nitafika harusini kwa njia ambayo sikuiomba.

Baada ya kuswali adhuhuri akaniambia nilete daftari na rula. Akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, mimi chini kwenye zulia.

"Mwari ulimwona?"

"Hapana, Bibi."

Ilitoka kwa sauti ya kukwaruza. Ilikuwa hapana yangu ya kwanza katika nyumba ile.

"Mwengine nani hukumwona? Anza mwanzo."

Nikaanza kusoma ukurasa wa Novemba, mstari mmoja mmoja. Nilipofika Januari, kulastara wa kwanza nikakiri alikuwa nguzo. Mnandi wa siku iliyofuata nikasema nilimwona, naapa. Mstari wa tatu nikakwama. Nilijaribu kumwona yule ndege kichwani, maji, rangi, alivyosimama, nikakuta nakumbuka tu kwamba niliulizwa na nikaitikia. Mstari wa nne hivyohivyo. Nilikuwa nimewaitikia wote kwa sauti moja, walio kweli na wasiokuwa, na sasa nilishindwa kuwatenganisha.

"Sijui, Bibi."

"Huyu?"

"Sijui."

"Na huyu?"

Nililia. Nikajaribu kumweleza darasa la Nairobi, gauni lililoungua, begi langu kwenye ngazi za wakala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo ulikuwa ukiniogopa," akasema.

"Hapana, Bibi." Kisha nikasema, "Ndiyo."

"Miye nilidhani tunatazama ndege."

Alinipa karatasi ya kufutia machozi, akaniambia nisimlowanishie daftari. Nikamwomba basi tufute wale wa uongo na wale wa mashaka, tubakishe heroe, kwa sababu heroe walikuwa wanajulikana, kila mtu aliwaona, hata dereva. Akatikisa kichwa. Akanieleza, bila hasira, kama anayenieleza kipimo cha chumvi, kwamba baba mkwe wake akimshika shahidi katika uongo mmoja hakukaa kumchagulia maneno yake mengine, haya nayataka, haya siyataki. Ushahidi wote ulianguka, hata uliokuwa kweli.

"Futa kipupwe chote."

Nikafuta. Mstari wa rula juu ya kila ndege, ukurasa kwa ukurasa, heroe, sululu, kitwitwi wote wa Al Mamzar. Nilijua kuwa wengi wao walikuwa kweli, walikuja kutoka mbali wakasimama mbele yetu, na nilikuwa nawafuta kwa mkono wangu. Tulimaliza karibu na alasiri. Muda wote Bibi aligeuzia uso dirishani akisikiliza kalamu. Kisha akataka nimwandikie wale wa kikundi kwamba orodha yake ya mwaka ule isihesabiwe. Nikamwuliza niandike sababu gani. Akasema niandike kwamba hakuwa na shahidi.

Bibi hakumwambia madam. Nilisubiri siku, nikasubiri wiki, na kila madam alipoingia jikoni nilidhani ndiyo siku yenyewe. Hakuna kilichotokea. Bibi aliendelea kuniita mwanangu, kuitikia shikamoo yangu, kula nilichopika na kukisifu. Ningefukuzwa ningepata wa kumlaumu. Aliponisitiri nilikosa hata hilo, nikabaki na aibu yangu mwenyewe, nikiosha miguu yake asubuhi na jioni.

Kitu kimoja tu kilibadilika: hakuniuliza tena. Nilikuwa nikimsogeza dirishani, shakwe wanapita juu ya maduka kuelekea baharini, zamani angesema wale ni wangapi. Sasa alivuta tasbihi yake. Nilianza kumwambia bila kuulizwa, Bibi, wamepita saba, na nilihakikisha ni saba kweli. Alisema, "Haya."

Harusi ya binti yangu niliitazama kwenye simu, jikoni, sauti nimeipunguza. Bibi alifariki kiangazi kile, mwezi wa Agosti, joto likiwa halina mfano, akiwa amelala baada ya alfajiri. Walimzika kabla ya adhuhuri. Madaftari madam aliyapeleka kwa wale wa kikundi, na sikuthubutu kuomba hata moja.

Tangu siku ile ya rula hadi alipofariki tulitoka kwenda kutazama ndege mara moja tu. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, wengi wao wameshaondoka kurudi kaskazini, na mimi ndiye niliyemsihi. Sikumpeleka Ras Al Khor. Nilimpeleka bustani ya Mushrif, chini ya mighafu, miti ya huku ya jangwani, asubuhi na mapema wakati watunza bustani wanamwagilia. Nilibeba daftari kwenye mkoba bila kumwambia. Tukaketi kwenye benchi. Hewa ilikuwa nzuri, na Bibi alivua viatu akaweka nyayo kwenye majani yenye maji.

Hatukukaa sana hudihudi akatua. Nilimjua bila darubini, nani asiyemjua, ndege wa Nabii Suleiman, kilemba chake kichwani na mabawa ya mistari myeusi na myeupe. Alitembea kwenye majani akichoma ardhi kwa mdomo, hatua mbili, akachoma, hatua mbili, mpaka akafika miguuni pa Bibi. Angeinama angeweza kumgusa. Nilimtazama yule ndege kwa namna ambayo sikuwahi kutazama kitu maishani, kila unyoya, jicho lake dogo jeusi, mnyoo aliyemvuta na akamrusha akammeza.

"Bibi," nikasema taratibu, "hudihudi. Yuko hapa, mbele ya mguu wako wa kulia."

Hakuinama. Alitazama mbele vilevile, kwenye ule weupe wake.

"Haya, mwanangu."

"Wallahi, Bibi. Namwona. Yuko hapa."

"Haya."

Ndege akaruka. Alikwenda chini chini, akapotea nyuma ya miti. Nikatoa daftari, nikalifungua ukurasa mpya, nikaandika siku, nikaandika mahali, nikaandika hudihudi, mmoja. Nikatia alama yangu. Nikamwekea daftari mapajani, nikamtia kalamu kati ya vidole, nikamwelekeza mahali pa alama ya pili.

Bibi alipapasa ukurasa kwa kiganja, polepole, kama anayekunjua kitambaa. Kisha akanirudishia kalamu.

"Miye sikumwona," akasema.

Hakusema kwa kunikomoa. Ilikuwa kweli tu, hakumwona. Nikachukua rula mkobani nikaufuta ule mstari, nikamvisha viatu vyake, na tukarudi nyumbani.